Nani Aliyeziandika Amri za Darasa?

Hakuna mtoto aingiaye shuleni siku ya kwanza asiyekutana na amri kabla ya kukutana na herufi. Huonyeshwa mahali pa kusimama, huambiwa wakati wa kukaa, jinsi ya kuinua mkono na lini afumbe kinywa. Baada ya hayo ndipo huonyeshwa ubao. Wewe usomaye maneno haya umezizoea amri hizo hata pengine wadhani zilikuwako tangu kuumbwa kwa ulimwengu, kama jua na mvua. Lakini kila amri ina mtu aliyeitunga, na sababu yake, na mara nyingi hata mwaka wake. Na zawadi nazo zina nasaba kama watu walivyo na nasaba. Nataka tuifuate nasaba hiyo pamoja, na safari yetu tuianzie katika bonde la Lambwe.

Ukitoka mji wa Homa Bay kwa njia iendayo Mbita, bonde hilo liko upande wako wa kushoto. Limezungukwa na milima ya Gwasi na ukuta wa miamba wa Kaniamwa, na kati yake mna mto Lambwe na nyika ya majani marefu. Kwa miaka mingi watu waliliogopa bonde hili kwa ajili ya mbung'o, yule inzi aletaye malale kwa wanadamu na nagana kwa ng'ombe. Sehemu yake ilitengwa kwa wanyama wa porini mwaka 1966, na mwaka 1983 ikawa Hifadhi ya Taifa ya Ruma. Kandokando ya hifadhi hiyo wanaishi Wajaluo na Wasuba. Shule zilichelewa kuingia humo, kwa kuwa shule hufuata watu, na watu waliukimbia ugonjwa. Lakini usidhani kwamba palipochelewa shule palikosa malezi.

Katika boma la Kijaluo la zamani palikuwa na nyumba mbili zilizofanya kazi ya darasa. Jioni wavulana walikaa katika duol, kibanda cha mzee mwenye boma, penye moto karibu na zizi. Wasichana na watoto wadogo walilala katika siwindhe, nyumba ya mwanamke mzee aliyeitwa pim. Humo vilitegwa vitendawili, hadithi zilisimuliwa, na mtoto alifunzwa jinsi ya kumwamkia mkubwa, jinsi ya kumpisha njia, na jinsi ya kula na wenzake bila pupa. Amri zilizo kubwa ziliitwa kwer, yaani miiko. Na aliyevunja mwiko alihofiwa kupatwa na chira, maradhi ya kudhoofika ambayo hayakuponywa kwa dawa za kawaida. Angalia jinsi jambo hilo lilivyopangwa. Pim hakuwa na haja ya kumkimbiza mtoto ili amwadhibu, kwa sababu adhabu ilikuwa ndani ya kosa lenyewe, na mwiko ulimfunga pim kama ulivyomfunga mjukuu.

Zawadi ilikuwa sifa mbele ya watu. Wajaluo wana sanaa yao ya kujisifu na kusifiana iitwayo pakruok, ambayo mtu hujitaja kwa majina ya fahari, ya ukoo wake na ya rafiki zake, mbele ya wasikilizaji. Mtoto aliyeyasikia majina hayo yakitajwa ngomani alijua mapema kwamba jina jema ni mali. Sisemi kwamba hapakuwa na fimbo siku hizo. Ilikuwako, na mchungaji aliyeacha ng'ombe waingie katika mtama wa jirani aliijua vema. Ila fimbo haikuwa msingi wa nyumba.

Huko pwani nako, karne nyingi kabla ya shule za Serikali, watoto walikaa mikekani katika vyuo vya Kurani. Bakora ya mwalimu wa chuo ilikuwa maarufu, na wazee wengi wa Lamu na Unguja wameisimulia. Lakini mtoto aliyeimaliza Kurani yote alifanyiwa sherehe, akavishwa vizuri, na mwalimu akapewa haki yake na wazazi. Hata leo tunapomsifu kijana wa chuo kikuu kwamba amehitimu, twatumia neno lililotoka katika sherehe ile ya kuikhitimu Kurani.

Shule ya kengele ilifika katika nchi ya Nyanza mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1906 mmisionari Mkanada wa Kanisa la Waadventista, Arthur Carscallen, alianzisha misheni Gendia, karibu na Kendu Bay. Na baadaye wenzake walijenga shule Kamagambo, katika nchi ambayo sasa ni Kaunti ya Migori. Mwaka huo huo wa 1906 wamisionari wa Kianglikana walifungua shule Maseno, na wengi wa wanafunzi wa kwanza walikuwa wana wa machifu. Wakatoliki nao wakaja Asumbi. Kila misheni ilikuja na amri zake, nyingine za dini, nyingine za usafi, nyingine za saa. Kwa mtoto wa mchungaji amri ya saa ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote. Ng'ombe huamka kwa jua na umande, ilhali kengele, ambayo mara nyingi ilikuwa kipande cha chuma kilichotundikwa mtini, hugongwa kwa kutazama mishale ya saa ambayo mtoto mwenyewe hakuiona.

Sasa fikiri jambo lililotokea Maseno. Wamisionari waliamini kwamba kazi ya mikono ni sehemu ya tabia njema, kwa hiyo wanafunzi walitumia muda mwingi wakilima na kujenga. Wanafunzi waliona vingine. Walikuwa wameacha kazi za mikono nyumbani ili waje kutafuta kile kitu wasichokuwa nacho nyumbani, yaani kusoma na kuandika. Mwaka 1908, shule ikiwa na umri wa miaka miwili tu, waligoma. Mgomo huo huhesabiwa kuwa wa kwanza wa wanafunzi katika historia ya Kenya. Wako wanaoutaja kama mfano wa utovu wa adabu. Mimi siusomi hivyo. Mwalimu alitaka tabia fulani na hakueleza kwa nini. Mwanafunzi naye alitazamia malipo fulani, wala hakuulizwa. Kila upande ulikuwa na orodha yake ya matazamio, na orodha hizo mbili hazikupata kuwekwa juu ya meza moja.

Tuitazame sasa nasaba ya mtu unayemjua sana, monita. Watu wengi hudhani alizaliwa Uingereza. Kumbe nusu ya ukoo wake iko Uhindi. Mchungaji mmoja wa Uskochi, Andrew Bell, alipewa kazi ya kuangalia shule ya yatima huko Madras mwaka 1789. Aliwaona watoto wa Kihindi wakiandika herufi mchangani kwa vidole, akaiga mtindo huo. Na kwa kuwa walimu wake hawakumpendeza, akawatia wavulana wakubwa kuwafundisha wadogo. Mwaka 1798 kijana aitwaye Joseph Lancaster alifungua shule ya watoto maskini mjini London, naye akautumia mtindo uo huo kwa ukubwa wa kushangaza. Mwalimu mmoja aliweza kutawala mamia ya watoto katika chumba kimoja, kwa sababu kila safu ilikuwa na monita wake. Mtindo huo ulikuwa rahisi kwa gharama, kwa hiyo ulienea duniani. Na mahali popote walimu walipokuwa haba, kama ilivyokuwa katika Afrika ya Mashariki, mtoto mkubwa aliwekwa juu ya wadogo.

Lancaster alikuwa mtu wa madhehebu ya Kweka, ambao huchukia kumwaga damu, naye hakupenda kupiga watoto. Usifurahi upesi. Badala ya fimbo alimfunga mkosaji gogo la mti shingoni, au akamtia katika kapu na kumvuta juu darini ili wenzake wamcheke. Kwa upande wa zawadi alikuwa mwanzilishi hasa. Mtoto aliyefanya vema alipata tikiti, na tikiti zikitimia hesabu yake alizibadili kwa tiara, mpira au pia; na waliozidi wote walivaa nishani. Ikiwa shuleni kwako mwalimu hubandika nyota ya karatasi katika daftari, au hutoa kalamu kwa mtoto msafi wa wiki, basi mtu huyo wa London ni babu wa desturi hiyo.

Nawe wajua kazi ambayo monita ameshika kuliko nyingine zote. Mwalimu akitoka, monita husimama mbele na karatasi, akaandika majina ya wapiga kelele. Hapo urafiki hupimwa. Rafiki yake huongea na jina halionekani. Adui yake hukohoa tu na tayari ni wa tatu katika orodha. Lancaster aliitaka mashine ya kufundisha, na mashine hiyo ikawa na macho ya kijana mwenye mapenzi na chuki zake.

Kiranja naye ni wa ukoo mwingine. Yeye alitoka katika shule za bweni za Kiingereza, hasa Rugby, ambako Thomas Arnold, aliyekuwa mwalimu mkuu kuanzia 1828 hadi 1842, aliwapa wanafunzi wa darasa la juu mamlaka juu ya wengine. Miaka 100 baada ya Arnold kushika kazi yake, mwaka 1928, mwalimu wa hesabu kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge, Edward Carey Francis, alikuja kuwa mwalimu mkuu wa Maseno. Na mwaka 1940 alihamia Alliance, Kikuyu, akakaa huko hadi 1962. Alikuwa mkali wa saa, wa usafi na wa kusema kweli, na viranja walikuwa mkono wake. Vijana waliotoka mikononi mwake walikuja kukalia viti vingi vya Serikali na vya shule baada ya Uhuru, na pengine kwa njia hiyo mtindo wake ulienea mpaka shule zisizomwona hata mara moja.

Katika miaka ile zawadi moja ilizimeza nyingine zote, nayo ni mtihani. Baada ya taarifa ya halmashauri ya Leonard Beecher ya mwaka 1949, elimu ya Waafrika nchini Kenya iligawanywa katika ngazi za miaka minne minne, na kila ngazi ilikuwa na mlango wa mtihani. Mtoto aliyeshindwa katika mtihani wa darasa la nne alirudi kuchunga. Kwa hiyo adabu, usafi, kimya na utii vilipata bei mpya, kwani vyote vilikuwa njia ya kupita mlangoni.

Kati ya amri za wakati huo iko moja ninayotaka tukae nayo kidogo, nayo ni ile ya kukataza lugha ya mama. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeishi kuanzia 1938 hadi 2025, aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986, Decolonising the Mind. Asubuhi mwanafunzi mmoja alipewa kitu kidogo, na kazi yake ilikuwa kumpa mwenziwe atakayemsikia akisema Kikuyu. Huyo naye alimtafuta mwingine. Jioni mwalimu alimwuliza wa mwisho amekipata kwa nani, naye akamtaja mwenziwe, hata mnyororo mzima wa siku ile ukajulikana. Walicharazwa viboko, au walivishwa shingoni kibao chenye maneno ya kujitukana. Mtoto aliyesema na kuandika Kiingereza vizuri, kinyume chake, alipigiwa makofi na kupewa zawadi. Jambo hilo halikuwa la Limuru peke yake. Vibao vya namna hiyo vilijulikana katika shule nyingi za Kenya, na vilidumu hata baada ya Uhuru.

Wala havikubuniwa kwa ajili ya Waafrika. Katika karne ya 19 watoto wa Wales, watu wa kisiwa kile kile cha Waingereza, walipokezana kipande cha mbao kwa sababu ya kusema Kiwelshi, na aliyekuwa nacho mwisho wa siku ndiye aliyepigwa. Watoto wa Brittany nchini Ufaransa walifanyiwa vivyo hivyo. Shule ilimfunza mtoto kumsikiliza jirani yake ili apate kumkamata, kisha ikamsifu kwa kazi hiyo. Katika shule nzima hakuna somo lililoingia haraka kuliko hilo, wala mwalimu hakuhitaji kuliandika ubaoni.

Pengine utasema, tuache adhabu basi, tushike zawadi tu. Hata hapo yafaa kwenda polepole. Mwaka 1973 wataalamu watatu wa Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walitangaza jaribio walilolifanya katika shule ya watoto wadogo huko Stanford. Waliwachagua watoto waliopenda wenyewe kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja liliahidiwa cheti kizuri chenye utepe iwapo wangechora. Kundi la pili lilichora bila ahadi, kisha likapewa cheti kwa ghafula. Kundi la tatu halikupewa kitu. Baada ya siku kadhaa kalamu ziliwekwa tena mezani, na hakuna aliyeahidiwa lolote. Watoto wale walioahidiwa cheti walichora kwa karibu nusu tu ya muda waliotumia wenzao. Furaha yao ilikuwa imegeuka kibarua, na mwenye kibarua hufanya kazi akiona mshahara. Lakini angalia kundi la pili. Hao walipokea cheti kile kile, na mapenzi yao hayakupungua. Kilichoharibu kazi ni yale mapatano ya kununuliwa.

Turudi kwenye fimbo, maana historia yake ina jambo ambalo wanafunzi wengi hawakupata kuambiwa. Kanuni za nidhamu za shule za Kenya za mwaka 1972 ziliiruhusu fimbo, lakini ziliizungushia ua mrefu. Ilikuwa kwa makosa makubwa tu, baada ya uchunguzi kamili, na kwa mkono wa mwalimu mkuu au mbele ya macho yake. Viboko visizidi sita, mwanafunzi asipigwe mbele ya wenzake, na kila adhabu iandikwe katika kitabu. Sasa waulize wazazi wako kama hivyo ndivyo walivyopigwa. Shirika la Human Rights Watch lilichunguza shule za Kenya na kutoa taarifa mwaka 1999, nayo ilionyesha kwamba kanuni hizo zilivunjwa kila siku. Watoto walipigwa kwa kuchelewa, kwa sare iliyochanika, kwa jibu lisilo sahihi, na aliyepiga alikuwa mwalimu yeyote aliyekuwa karibu. Basi kwa muda wa karibu miaka 30 mtoto aliadhibiwa kwa kuvunja amri za shule, na aliyemwadhibu alikuwa akivunja amri za nchi; na mtoto hakuweza kusema neno, kwa sababu hakuna aliyemsomea kanuni zile.

Mwaka 2001 Serikali iliifuta ruhusa ya fimbo. Katika mwezi wa Machi wa mwaka huo huo ulitokea msiba ambao Kenya haijausahau. Bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, lilitiwa moto usiku kwa makusudi, na wavulana 67 wakafa. Miaka 10 kabla yake, mnamo Julai 1991, wasichana 19 walikufa katika shule ya St. Kizito huko Meru, wavulana wa shule hiyo walipovamia bweni lao. Baada ya Kyanguli kamati iliyoongozwa na Mkurugenzi wa Elimu, Naomi Wangai, ilizunguka nchini kutafuta chanzo cha fujo za shule, nayo ilihimiza ushauri kwa wanafunzi na kuwapa nafasi ya kusikilizwa. Wako walimu waliosema kwamba fujo zilikuja kwa sababu fimbo imeondolewa. Hesabu ya miaka haiwasaidii: St. Kizito ilitokea fimbo ikiwa bado mezani, na Maseno waligoma mwaka 1908.

Sheria zilifuatana baada ya hapo. Katiba ya mwaka 2010 inamkinga kila mtu na adhabu ya viboko. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza kumpiga mwanafunzi na pia kumtesa moyo, na mwenye kuivunja aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Neno hilo la kutesa moyo lingemfikia hata Lancaster na kapu lake, na mwenye kibao cha shingoni asingepona.

Mtaala mpya ulioanza mwaka 2017 nao umeweka upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo na uadilifu kuwa mambo ya kufundishwa, si ya kuamriwa tu. Kwa hiyo ukiingia leo katika darasa la Lambwe, waweza kuona ukutani karatasi yenye amri saba au nane. Zichunguze. Iliyoandikwa na mwalimu peke yake hujulikana upesi. Nyingi za amri zake huanza kwa kukataza, na hakuna hata moja inayomhusu mwalimu. Iliyoandikwa na darasa zima katika wiki ya kwanza ya muhula huwa na mambo ambayo mtu mzima asingeyafikiria, kama vile kutomcheka asomaye polepole, au kumngoja aliyetoka mbali wakati mto umejaa.

Mwaka 2009 shule za sekondari za Kenya zilianza utaratibu wa mabaraza ya wanafunzi, ambamo viongozi huchaguliwa kwa kura badala ya kuteuliwa na walimu. Kura hupigwa kwa siri, sera hutangazwa mstarini, na aliyeshinda huapishwa mbele ya shule nzima. Kisha mwalimu akitoka darasani, katika shule nyingi, yule monita wa kura hupewa kipande cha karatasi aandike majina ya wapiga kelele.